Utando wa Con Mulqueen

Con Mulqueen alifia ndani ya meli ya Eskdale, katikati ya Atlantiki, na kampuni ikasema amejiua. Ilisema aliiba chupa ya wiski ya abiria wa daraja la kwanza, akashikwa, akajirusha baharini ili akwepe pingu. Mwizi, mlevi, tena mwenye kujitoa roho kwa mkono wake. Padri wa mtaa akakataa kumsomea misa.

Sajini Amos Threlfall wa polisi ya Liverpool aliyasikia hayo tena akiwa amesimama jikoni kwa mjane, kofia mkononi, maji ya ukungu yakimtiririka shingoni. Honor Mulqueen alikuwa amekwenda kituoni kila siku wiki ile, na kila siku makonstebo walimrudisha kwa kicheko. Threlfall alikuja kwa sababu moja. Wajane wote wa bandarini aliowahi kuwajua walianza kwa kuuliza habari za fidia. Huyu hakuwa ametaja fidia hata kwa bahati mbaya. Alitaka misa.

"Kaa, Sajini. Kiti hicho mguu mmoja mbovu, kalia upande."

"Nitasimama, mama."

"Polisi mmeanza adabu lini?" Alikuwa mwanamke mkavu, mikono imebabuka kwa kufua nguo za watu. "Au unaogopa kunguni? Kunguni wetu Wakatoliki, hawaumi Mprotestanti."

Threlfall akakaa upande.

Mjane alifungua furushi juu ya meza. Viatu vya Jumapili. Wembe. Soksi mbili zilizotiwa viraka visiginoni. Ndani ya soksi moja mlikuwa na kifuko cha ngozi, kidogo kama kokwa, chenye kamba.

"Nani alikuletea?"

"Hanratty, nyapara wao wa melini. Aliliweka furushi kizingitini kama mtu anayetupa paka mfu, akageuka. Con alikuwa akimwita baba mdogo, Sajini. Miaka yote hiyo amekula viazi kwenye meza hii, siku hiyo hata chai alikataa."

"Na hiki?"

"Wewe mtu wa bandari unaniuliza hiki?"

Hakuwa na haja ya kuuliza. Baba yake Threlfall alikuwa mshona matanga, na nyumba waliyokulia ilijaa mabaharia. Mtoto mmoja kati ya wengi hutoka tumboni na utando umemfunika uso. Mkunga huuvua, huukausha, na mwenye kuuvaa hafi maji. Manahodha wameununua kwa bei ya farasi. Mwenye nao mwenyewe, aliyezaliwa nao, hauvui mpaka kaburini.

"Kamba nilimshonea mimi," alisema Bi. Mulqueen. "Alikuwa amekaa hapo hapo ulipokaa. Nilishona fupi makusudi, isipite kichwani, maana alikuwa mtu wa kupoteza vitu. Alioga nayo. Alilala nayo, mimi nikaamka na alama yake shavuni. Sasa itazame."

Threlfall aliipeleka dirishani. Kamba ilikuwa imekatwa, mkato mmoja safi, kisha ncha zikafungwa fundo la kibaharia.

"Mtu anayetaka kufa maji angeukata kwanza," alisema. Hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. "Kama anauamini."

Mwanamke aliinamia viatu vya Jumapili. Threlfall akadhani amemwumiza, naye hakuomba radhi.

"Akate na nini?" mama aliuliza baadaye. "Kisu chake kiko rehani tangu kabla ya Krismasi. Na mtu anayekimbizwa na wakubwa wa meli anasimama ukingoni, anaazima kisu, anakata, anafunga fundo zuri, anashuka kwenda kuficha ndani ya soksi, halafu anapanda tena kujirusha? Con hata kufunga kamba za viatu alikuwa mvivu."

Sajini alikuwa bado dirishani. Alikuwa amekigeuza kifuko. Upande wa nyuma, ule unaolala juu ya kifua, ngozi ilikuwa laini kwa jasho la miaka. Upande wa mbele ilikuwa imejikunja, imekauka, ngumu kama ukoko wa chungu. Alikinusa. Harufu ya moshi, na chini yake kitu kama yai bovu.

"Mumeo alichochea matanuri?"

"Con? Alikuwa mwembamba kama ufagio, nani angempa tanuri? Alikuwa mbeba makaa. Kutwa ndani ya ghala lenye giza, na beleshi na toroli. Alisema moto wenyewe anauona kama tajiri anavyouona umaskini, kwa mbali."

Threlfall alikifunga kifuko kwenye leso yake. "Nakiazima."

"Kikirudi pasipo misa, usikilete," alisema Bi. Mulqueen.

*

Jumba la Kampuni ya Ashcombe lilikuwa mbele ya mto, na ukumbini mwake walitundika picha za meli zao zote kwa mpangilio wa umri. Ya kwanza ilikuwa merikebu ya matanga, Patience, iliyowabeba Waairishi wa ile njaa kuu. Watu walipangwa ndani yake kama magunia, na waliokufa kwa homa njiani walihesabiwa kuwa kudra ya Mungu. Baadaye meli za magurudumu, baadaye za rafadha, na wenye kampuni nao wakafuatana, babu, baba, na sasa mjukuu ambaye mji mzima ulijua anapenda farasi kuliko meli. Juu ya zote kulikuwa na maneno ya dhahabu: HATUJAPOTEZA ABIRIA KWA AJALI. Wabeba makaa si abiria.

Nahodha Wolstenholme, msimamizi wa meli zote za kampuni, alimpokea bila kumkaribisha kiti.

"Sajini, Eskdale inaondoka leo alasiri, maji yakijaa. Watu zaidi ya elfu wako kwenye mabanda ya gati wanangoja kupanda. Nina dakika chache sana za kumpa mwizi wa wiski."

"Wiski ilikuwa ya abiria gani?"

"Wa daraja la kwanza."

"Jina lake?"

"Hatuwasumbui watu wa juu kwa mambo ya chini."

"Nani alimshika?"

"Injinia mkuu, Bwana Pascoe."

"Nani alimwona akijirusha?"

"Hanratty, nyapara wa wachochea moto. Mtu mzima, mwaminifu, alikuwa baharini kabla wewe hujaota ndevu."

"Injinia alimshika, lakini nyapara ndiye aliyemwona akiruka. Huyo aliyemshika alikuwa wapi?"

Wolstenholme alikwenda dirishani. Nje, honi za ukungu zilikuwa zikiitana mtoni kama ng'ombe wenye njaa.

"Unajua Wajerumani wanatufanyia nini, Sajini? Kila mwaka meli mpya, kila mwaka mwendo zaidi. Sisi kinachotulisha ni mifuko ya barua ya serikali. Barua zikichelewa, mkataba unakwenda kwa wengine. Mkataba ukienda, Ashcombe imekwisha, na nusu ya wanaume wa mitaa ile unayoilinda wanakaa nyumbani kupiga wake zao. Fikiri kabla ya kumchokoa maiti."

"Sikuuliza habari za barua," alisema Threlfall.

Alitoka akiwa na hakika ya jambo moja: hakuna mtu anayeulizwa habari za chupa ya wiski akajibu kwa habari za mkataba wa serikali.

*

Jina alilokuwa nalo la kuanzia lilikuwa Juan Kewley, mtu wa Kisiwa cha Man, mbeba makaa wa zamu moja na marehemu. Bi. Mulqueen alikuwa amemtaja mlangoni, akimsindikiza. Kewley aliutamani ule utando miaka mingi. Aliwahi kuuomba, aliwahi kuutaka kwa bei, na usiku wa kuamkia safari ya mwisho walipigana ngumi kwa ajili yake. Kisu, hasira na tamaa, vyote kwa mtu mmoja. Kwa Threlfall ilionekana kazi imekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Alimkuta kwenye baa ya barabara ya gati, mbele ya sahani ya mchuzi wa viazi na mifupa ambayo hajaigusa. Jicho moja bado lilikuwa na baka la njano.

"Aliyekutia hilo jicho ni Mulqueen?"

"Ndiye. Mungu amweke pema. Mwembamba vile, sijui ngumi alikuwa akiificha wapi."

"Uliutaka utando wake."

"Kila mtu aliutaka. Hata nahodha angeutaka." Kewley alimtazama vizuri, kisha akaanza kucheka, kicheko kisicho na furaha. "Ahaa. Umenijia mimi! Haya, Sajini, nisaidie hesabu. Nimemwua Con kwa ajili ya hirizi yake, sivyo? Halafu nikampa Hanratty amrudishie mjane. Mimi ni mwizi wa aina gani, wa kanisani?"

Threlfall alikubali moyoni kwamba ameshindwa hoja. Alivuta kiti akakaa. Ndipo macho yake yalipoangukia miguu ya Kewley chini ya meza. Soli za buti zilikuwa zimeyeyuka na kuganda tena, zimepinda kama maganda ya mkate.

"Buti hizo ulikanyaga nini?"

"Makaa."

"Makaa ya ghalani ni baridi."

Kewley alichezea kijiko.

"Umeandikishwa kwa safari ya leo?"

"Siendi."

"Januari hii? Wanaume wanapigana getini wapate kazi ya kubeba makaa, wewe unaikataa?"

"Nimechoka, bwana. Mtu hawezi kuchoka?"

"Una watoto?"

"Wanne."

"Mwenye watoto wanne hachoki Januari. Unaogopa nini kwenye meli ile?"

Kewley alisukuma sahani mbali. Alisema kwa sauti ya chini. "Siogopi meli. Ghala la tatu ndilo nisilolipenda. Basi. Mengine muulize nyapara aliyemtuma mwenziwe kuingia. Na ukimwuliza, usimwulize kama polisi. Yule mzee ameshaoza kwa ndani."

*

Abiria walikuwa wameanza kupanda. Walikuja kutoka mabandani kwa mistari, Wanorwe, Wayahudi wa Urusi, Waairishi, na magodoro yao mgongoni, watoto wamefungwa kamba wasipotee. Threlfall alipita katikati yao akapanda sitaha ya nyuma. Hanratty alikuwa ubavuni mwa meli akivuta hewa kabla ya kushuka chini. Mzee mpana, nyusi zimeungua zikabaki nusu, shingo ina makovu ya cheche.

"Baba Hanratty."

"Baba yako nani? Mimi sizai polisi."

"Ulimwona Con akiruka?"

"Nilimwona. Nimesema. Kila aliyeniuliza nimemwambia."

"Alikuwa na utando wake shingoni?"

Mzee alijifuta masizi shingoni. Threlfall alikuwa amemtega. Akisema ndiyo, mbona uko nyumbani kwa mjane? Akisema hapana, nani aliuvua?

"Sikuangalia shingo," alisema mwishowe.

Threlfall alifungua leso. Akakishika kifuko kwa kamba, akakinyoosha mbele ya mzee.

"Mjane hakitaki tena. Kinamtia uchungu. Ameniomba kitupwe majini. Nisaidie, mkono wangu una baridi."

Hanratty alirudi nyuma hatua nzima, mgongo ukagonga chuma.

"Usifanye hivyo!"

"Ni ngozi kavu tu."

"Usifanye hivyo, nakwambia! Huutupi utando baharini, unaiita meli chini! Kuna watu humu, kuna watoto..." Alikuwa amejisikia mwenyewe.

Threlfall alikirudisha kifuko ndani ya leso taratibu. Alikuwa akiiona sasa, yote, kama chumba ambacho mtu amewasha taa.

"Kwa hiyo hukuweza kuutupa," alisema. "Wala kuuchoma, maana ni laana vilevile. Wala kukaa nao. Ukabaki na njia moja tu, kuurudisha kwao. Lakini swali langu ni hili, mzee. Kwa nini uliukata kwanza? Con alikuwa maiti tayari. Maiti ungeitupa na nguo zake, na kifuko chake, na hakuna ambaye angejua. Kampuni isingeuliza. Mimi nisingekuwa hapa."

Hanratty alikuwa akitazama maji ya mto, meusi, yakipita chini yao.

"Angeelea," alisema.

"Nani?"

"Con. Mwenye utando hazami, Sajini. Hata akifa hazami. Ningemtupa nao angeelea, uso juu. Angetufuata. Mpaka New York angetufuata nyuma ya meli, na wanawake wa daraja la kwanza wangemwona asubuhi wakinywa chai." Mikono ya mzee ilikuwa imeshika chuma mpaka vifundo vimekuwa vyeupe chini ya masizi. "Nilimkata kamba kwa kisu changu. Nilimwambia, nisamehe mwanangu, zama. Akazama."

Kengele ililia mbele. Mtu alipiga kelele kwa Kinorwe akimwita mkewe.

"Alikufa vipi?"

"Ghala la tatu linaungua. Makaa yaliingia yakiwa yameloa, yakalala, yakashika moto chini kwa chini, ndivyo yanavyofanya. Siku ya tatu ya safari chuma kikaanza kunuka. Bwana Pascoe akasema, chimbeni moto mtoe, na msipunguze mwendo. Mlango ni mdogo. Nikamtuma Con kwa sababu ni mwembamba." Alirudia, kama mtu anayesoma maneno ya kaburini. "Kwa sababu ni mwembamba. Kewley alimfuata. Kewley alirudi. Hewa mle ndani ni sumu, inamlaza mtu kama mtoto aliyeshiba. Tulimvuta kwa reki. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya makaa yenye moto."

"Na wiski?"

"Hakuna wiski. Wiski aliitunga Bwana Pascoe. Alisema tukitaja moto, bandari ya kule itaizuia meli, barua zitachelewa, na kampuni imekwisha. Alisema, Hanratty, wana wako wawili wanafanya kazi humu, si ndivyo? Hilo tu. Hakunitisha zaidi."

"Moto uliuzima?"

Mzee alitazama watoto waliokuwa wakipanda.

"Hanratty. Uliuzima?"

"Wamemwaga makaa mapya juu yake," alisema Hanratty.

*

Walishuka pamoja. Chini, mzee alimshika Sajini kifundo cha mkono, kama anavyoshikwa kipofu, akampitisha kati ya matanuri mpaka kwenye ukuta wa chuma. Hakukuwa na haja ya kuugusa. Rangi ilikuwa imefura malengelenge, na mate aliyoyatema Hanratty yaliruka yakichemka. Upande wa pili wa ukuta ule, juu kidogo, palikuwa na mabweni ya daraja la tatu. Threlfall alisikia miguu ya watu wakichagua vitanda.

"Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Nitasema. Lakini wewe nawe ulijue moja. Nikisema, mtaa mzima utanilaani."

"Na usiposema?"

"Nimeshalaaniwa. Twende."

Alichofanya Threlfall baada ya hapo kilikuwa kifupi. Alikwenda kwa mkaguzi wa serikali wa usalama wa meli, mtu mwoga, akamleta chini kwa kumshika kiwiko, akamsimamisha mbele ya ukuta ule mpaka jasho likamtoka. Wolstenholme alikuja mbio bila kofia. Alisema maneno mengi kuhusu wakubwa anaowajua. Mkaguzi alitia sahihi hata hivyo, kwa sababu alikuwa ameona malengelenge, na hofu moja ilikuwa imeishinda nyingine.

Abiria walishushwa kwenye manyunyu. Hawakuambiwa sababu. Walijua tu kwamba polisi mmoja ameizuia meli, na walipompita walimtukana kwa lugha zao. Mama mmoja alitema mate karibu na buti zake. Jioni ghala lilipofunguliwa, wazima moto walikuta chuma kimeliwa hadi kimekuwa chembamba kama bati la biskuti, na ilichukua siku kadhaa za maji kuumaliza moto.

Misa ilisomwa Jumanne, kwenye altare ya pembeni, pasipo jeneza. Padri alisoma haraka. Waliokuwapo ni mjane, Sajini aliyesimama nyuma kabisa kama mtu aliyepotea njia, na Kewley. Majirani hawakuja.

Hesabu ya yote hayo ilikuwa hivi. Hanratty alipata miezi tisa gerezani kwa kuficha kifo, akafa katika mwezi wa nne. Wanawe wawili waliacha kulitumia jina lake. Pascoe alifungwa mwaka mmoja. Wolstenholme hakufungwa, alistaafu kwa heshima na kujenga nyumba upande wa pili wa mto. Serikali iliuhamisha mkataba wa barua kabla ya Pasaka, na mjukuu aliiuza Ashcombe kwa Wamarekani, ambao walizitaka meli tu, hawakuwataka watu. Wachochea moto, wabeba makaa na wahudumu mia tatu na zaidi walifukuzwa kazi. Threlfall alihamishiwa kwenye soko la ng'ombe, kulinda mizani. Uwanja alioishi Honor Mulqueen ulikuwa na nyumba kumi na mbili, na tisa kati yake zilikula kwa Ashcombe. Hakuna aliyemtukana mjane. Waliacha kumletea nguo za kufua, kwanza nyumba moja, kisha zote, na kufikia majira ya joto alikuwa amehama.